Gunia la Kiti cha Mbele

Siku ile tulikuwa Fundi Mwita mwenye gereji, Ouma mchomeleaji wake, Mama Dorina mwuza omena ambaye ndiye mama mkwe wa Ouma, Mama Rose na Mama Benta wa kwaya ya kanisa lake, wadogo zangu Akinyi, Otieno na Adoyo, na mimi Akoth kwenye usukani. Hakukuwa na mwingine. Nawataja mmoja mmoja kwa sababu Desemba iliyopita, tulipokutana nyumbani kwa Akinyi kule Homa Bay, ubishi ulizuka mezani na kila shemeji alisimulia kisa cha pikapu kama mtu aliyekuwa ameipanda. Mume wa Adoyo, ambaye mwaka ule alikuwa bado chekechea huko Kisumu, alituonyesha kwa uma jinsi tairi lilivyokuwa likisugua. Alionyesha upande wa kushoto. Adoyo alimwambia ale samaki wake. Mimi nikaona afadhali niandike mwenyewe, ningali nakumbuka ni upande gani.

Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule nilikuwa nimeiacha kidato cha pili, wazazi wetu walipofariki, na sikuwa naifikiria sana kwa sababu kulikuwa na wengine watatu waliotakiwa kuendelea nayo. Tuliishi Migori mjini, vyumba viwili vya mabati nyuma ya kinu cha kusagia mahindi. Kinu kikinguruma, vikombe vilitembea wenyewe juu ya meza, na Adoyo alikuwa na kazi ya kuvizuia visianguke. Unga ulituingilia kila mahali. Tulilala nao kwenye nyusi, na Otieno alikuwa akisema sisi ndio familia pekee Migori inayoota mvi kabla ya kunyoa ndevu. Chumba cha mbele kilikuwa na meza, viti viwili na kochi la baba lililokuwa limezama katikati, kiasi kwamba wawili wakikaa, wa tatu anajikuta mapajani mwao. Chumba cha nyuma tulikigawa kwa shuka. Ukuta kati yetu na jirani ulikuwa bati moja tu, kwa hivyo tuliyajua ya kwake, naye aliyajua ya kwetu, na tukikutana nje tulisalimiana kana kwamba hakuna anayejua lolote.

Ni kupitia bati hilo ndipo nilipomsikia Baba Mdogo mwezi wa Januari. Alikuwa amekuja kututembelea kutoka Rongo, na jioni akaenda kunywa chai kwa jirani. Tulikuwa tunakula nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, na sote wanne tukaacha kutafuna kwa wakati mmoja. "Hawa watoto lazima wagawanywe," alisema. "Akinyi aende kwa shangazi yake. Otieno nitakaa naye mimi. Huyu mdogo kuna watu Kisumu wanataka mtoto wa kulea." Jirani akauliza, "Na huyu mkubwa?" Baba Mdogo akasema, "Mkubwa ataolewa." Adoyo alinitazama aone kama nilikuwa najua habari za kuolewa kwangu. Nilimwambia atafune.

Sitaki mtu amfikirie Baba Mdogo vibaya. Alikuwa mtu mwema aliyeamini kwamba nyumba bila mzee ni kama gari bila breki, na alikuwa na watoto wake saba. Asubuhi nilimwambia kwamba tulisikia. Hakukasirika. Alikaa kwenye lile kochi lililozama, magoti yakamfika kidevuni, akafikiri. "Shule zikifungwa mwisho wa mwaka nitarudi," akasema. "Nikikuta uko na kazi ya kueleweka na hii gari ya baba yenu, na nikikuta heshima bado iko kwa hii nyumba, watakaa na wewe. Chakula mtu anaweza kutafuta, Akoth. Heshima ikitoka haitafutwi." Nilimpikia uji akaondoka. Nilibaki na mwaka mmoja wa kuwazuia watoto wasitawanyike, pamoja na pikapu moja ya kijani iliyopauka, yenye tumbo lililokaribia ardhi kama la bata.

Kazi ya kueleweka ilikuwa kwa Mama Dorina. Alikuwa akinunua omena, dagaa wa ziwani, katika ufuo mmoja wa Gwassi ambako boti zinazotoka kisiwa cha Remba hutua, kisha anaileta soko la Migori kwa magunia. Dereva wake alikuwa amemkimbia, amekwenda kuchimba dhahabu Osiri, na omena haingoji mtu atajirike. Nilimwendea sokoni. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto, na alikuwa akipima omena kwa kopo la bati huku akibishana na wateja watatu bila kuwachanganya. Alitoka akaizunguka pikapu yangu, akainama, akachungulia chini.

"Nyathina," aliniambia. Kwa Kijaluo ni kama kusema mwanangu, na alimwita hivyo kila mtu aliye chini ya miaka hamsini. "Hii gari ni fupi. Ile barabara ya Gwassi itaikuna tumbo mpaka icheke."

"Tukiiinua?"

"Ukiiinua, kazi ni yako. Lakini mimi nakaa kiti cha mbele, nione magunia yangu mwenyewe. Sitaki tena dereva wa kwenda Osiri."

Fundi Mwita alikuwa Mkuria wa upande wa Isebania, na gereji yake ndiyo mahali ambapo Kiswahili changu kilikomaa, kwa sababu sisi Wajaluo na yeye hatukuwa na lugha nyingine ya kugombania. Tulikubaliana nimbebee vyuma vyake vikuukuu mpaka atosheke. Yeye na Ouma waliongeza mabamba ya springi yaliyotolewa kwenye lori lililokufa, wakabadilisha vishikio vya springi wakaweka virefu, wakafunga matairi makubwa yaliyowahi kuvaliwa na gari la mgodini. Ilipotolewa kwenye jeki, pikapu ilisimama juu, miguu mirefu, na Adoyo akasema imekuwa twiga. Mimi nilitaka kuiwasha twende Gwassi siku hiyo hiyo. Mwita alichukua ufunguo akautia mfukoni.

"Kuinua si kazi," alisema. "Mtu yeyote anainua. Lakini angalia. Tairi imenenepa, na nyumba yake ni ile ile ya zamani. Sasa haina kitu ndani, springi imejikunja kama upinde, tairi iko mbali na hii bati ya mudgadi. Ukipakia, springi inanyooka. Ikinyooka inakuwa ndefu, inasukuma ekseli nyuma. Kwa hivyo tairi haipandi tu, inarudi nyuma pia. Na ukikata kona hapo ndipo inakula. Lazima tujue inakula wapi, kabla barabara haijatuambia."

Ili kujua, ilitakiwa ipakiwe. Omena ilikuwa bado ziwani, na mzigo wa pekee uliokuwa karibu ni watu. Mama Dorina alikuwa amekuja kuona gari na wanakwaya wake wawili, wadogo zangu walikuwa wametoka shule, na Ouma alikuwa amemaliza kuchomelea. Mwita akapaka chaki ukingo wa ndani wa mudgadi zote mbili za mbele, ili tairi likigusa lirudi na chaki. Kisha akasema, "Pandeni."

Sasa, anayesoma hili akiwa ametoka mbali inafaa ajue jambo ambalo kwetu hakuna anayeambiwa. Mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawali meza moja, hawaketi pamoja, hawapeani mkono hovyo, na mmoja akimwona mwenzake barabarani hupisha. Si chuki. Ouma alimpenda sana Mama Dorina, na ndiyo sababu alikaa mbali naye kadiri alivyoweza. Wakuria kwa hilo ni wakali kutuzidi. Kwa hiyo watu walipanda kama watu wenye adabu wanavyopanda. Mama Dorina akakaa kiti cha mbele, kushoto kwangu. Mama Rose na Mama Benta wakakaa nyuma yake upande ule ule wa kushoto, mgongo kwa mgongo na dirisha, wamtie kivuli. Wadogo zangu wakajibana na hao akina mama. Ouma alikwenda peke yake mwisho kabisa wa bodi, pembe ya kulia, akageukia nyuma, akaning'iniza miguu nje kama mtu asiyefahamiana na gari lile.

Niliendesha nikizunguka uwanja wa gereji, duara za kulia, duara za kushoto, usukani umekunjwa hadi mwisho. Mwita, ambaye goti lake lilikuwa bovu, alichechemea pembeni, mkono sikioni. Mama Benta alianzisha wimbo, Mama Rose akaupokea, na Mwita akawaomba waimbe polepole maana wanamfunikia sauti ya tairi. Kutoka nyuma Ouma aliita, "Mwambieni Mama ashike vizuri kwa kona." Mama Benta akamwambia Mama Dorina, aliyekuwa amesikia vizuri sana, "Unaambiwa ushike." Mama Dorina akasema, "Mwambie nimeshika." Mama Benta akapeleka jibu. Tuliposimama, tairi la kushoto lilikuwa na mstari mweupe wa chaki kama lilipakwa kwa brashi. La kulia lilikuwa safi. Ouma akaukata ukingo wa mudgadi ya kushoto, akaukunja kwa nyundo, tukazunguka tena, na safari hii hakuna chaki iliyohama. Mama Dorina aliagiza mandazi na chai. Tulikula tumeegemea pikapu, na nakumbuka nilivyokuwa na furaha, nimeshika kikombe kwa mikono miwili, nikiwatazama wadogo zangu midomo ikiwang'aa kwa mafuta ya mandazi, nikijiambia kwamba hiyo ndiyo picha atakayoikuta Baba Mdogo.

Safari ya kwanza ilikuwa nzuri hadi tulipopakia. Njia ya kwenda Gwassi tuliipita gari likiwa tupu, juu juu, na pale ambapo zamani lingekwama kwenye udongo mweusi tulivuka Mama Dorina akipiga dashibodi makofi ya kulipongeza. Ufuoni tulipakia magunia hadi yakapita kichwa cha gari. Kona ya kwanza ya kushoto tulipoondoka, ardhi ikiwa imechimbika, nilisikia mngurumo mfupi chini ya mguu wangu wa kulia. Kona ya pili ulirefuka. Ya tatu ukaja na harufu.

"Nani anachoma raba?" aliuliza Mama Dorina.

"Sisi," nilimjibu.

Tulifika Migori alasiri, kila kona ya kushoto nikiichukua kwa gia ya kwanza na kwa upana wa barabara yote, huku Mama Dorina ametoa kichwa nje akiwaamuru wenye baiskeli wasimame. Tairi la kulia lilikuwa limenyolewa bega lote, na mahali pengine nyuzi zilichungulia. Mama Dorina alilishika, akapangusa masizi kwenye leso. Aliniambia bila ukali kwamba angeweza kunipa safari moja zaidi, ya wiki iliyofuata, na kama raba itaungua tena atamtafuta mwenye lori. Sikuweza hata kumlaumu. Magunia yakilala njiani siku ya mvua, ni yeye anayerudi sokoni mikono mitupu.

Mwita alilizunguka tairi asubuhi yote. Alisema haiwezekani, chaki haisemi uongo. Mwishowe alituuliza tulikaaje siku ile ya majaribio, akaokota mawe, akachora pikapu chini kwa fimbo. Nikaweka jiwe kubwa kiti cha mbele kushoto. Nikaweka mawe mawili nyuma yake. Nikaweka madogo matatu kando ya hayo. Ouma akachukua kokoto moja akaiweka mwisho kabisa, kulia. Sote tuliutazama ule mchoro. Gari letu lilikuwa limelala upande mmoja kama mtu anayesikilizia ukuta. Mwita alianza kucheka polepole, kisha ikabidi akae juu ya rimu. "Mimi nilikuwa nasimama hapo," alisema, akifuta macho. "Naangalia watu wanavyopanda. Nikaona mama mkwe amekaa vizuri, mkwe amekaa vizuri, nikasema moyoni, kazi iko sawa." Nimekutana na mafundi wengi tangu wakati huo, wengine wa miji mikubwa, na sidhani kuna hata mmoja ambaye angefanya kosa hilo, kwa sababu wangetazama gari.

Tulijaribu tena uwanjani kwa kulipakia kokoto sawasawa, lakini uwanja ulikuwa tambarare kama meza, na tairi halikugusa. Lilihitaji mzigo, kona na shimo kwa pamoja, yaani lilihitaji barabara ya Gwassi yenyewe. Mtu alitakiwa awe juu ya mudgadi ya kulia wakati gari linakwenda, aone kwa macho linapoanzia na linapoishia. Mwita hakuweza kwa sababu ya goti. Alibaki Ouma. Na Mama Dorina hakuweza kubaki nyumbani, maana wanawake wa ufuoni walimuuzia yeye tu kwa kumwona uso, wala hakuweza kupanda juu ya magunia kwa umri na upana wake. Ouma alikubali kwenda akiwa juu ya mzigo. Alipanda nyuma na kuteremka nyuma, na wakati wa kupakia alijifanya anakagua tairi la akiba.

Lakini kutoka juu ya magunia hakuona kitu. Tulijaribu kona moja akiwa amelala kifudifudi huko juu, akaita kwamba anaona kofia yangu tu. Palibaki mahali pamoja pa kuona, nalo ni boneti. Na mtu anayetaka kuchungulia tairi la mbele akiwa juu ya boneti hana budi kulala juu yake, kichwa akining'inize upande wa tairi, na sehemu nyingine za mwili ziende zinakoweza. Zinakoweza ni kwenye kioo. Nyuma ya kioo alikuwa mama mkwe wake.

Ouma aliteremka, akasimama barabarani akitazama mbali, ziwani. "Akoth, mwambie Mama kwamba mimi siwezi." Wanawake waliokuwa wakigeuza omena juu ya nyavu walikuwa wameacha kugeuza. Mawingu yalikuwa yamekusanyika upande wa kisiwa cha Takawiri, magunia hayakuwa na turubai, na hapakuwa na muda wa Mama Dorina kushuka atembee kona kwa kona. Nilikaa nimeshika usukani. Nilikuwa nafikiria viti viwili na kochi.

Mama Dorina alilitazama wingu. Alimtazama Ouma kisogoni. Kisha akafungua leso yake kiunoni, akaipandisha, akajifunika kichwa, uso na mabega, akaifundika mbele kwa mkono mmoja, akatulia kwenye kiti.

"Nyathina," alisema kutoka ndani ya leso, "mwambie huyo mtu kwamba mimi sipo. Hapa kuna gunia la omena. Gunia halina mkwe."

Nilimweleza Ouma. Alivua viatu kwa adabu, akapanda boneti. Nikaondoa gari. Mbele ya macho yangu palikuwa na nusu kioo cha barabara na nusu kioo cha suruali ya Ouma, na kando yangu palikuwa na leso ya maua mekundu iliyokuwa ikitikisika. Kwa muda nilidhani analia. Kisha nikasikia sauti ya mtu anayeuma kitambaa ili asicheke. Kona ya kushoto ilipofika, Ouma alipiga boneti kwa kiganja: polepole. Akapiga tena: hapo hapo. "Inagusa nyuma," aliita. "Inashika mdomo wa mudgadi kwa nyuma, halafu inaingia ndani, inagonga ule mshono wa bati. Akoth, gunia linaweza kusogea kulia kidogo? Nataka uzito uje huku."

Gunia lilisogea.

Tulifika mvua ikianza. Ouma alikuwa amechora kwa chaki kila mahali palipogusa, na vumbi lilikuwa limempaka uso hadi watoto wa mtaa hawakumjua. Kesho yake aliukata mdomo wa nyuma wa mudgadi, akaulaza ule mshono wa ndani kwa nyundo. Mwita alitoboa tundu jipya kwenye bamba la springi, akaivuta ekseli mbele upana wa kidole, akairefusha boliti inayozuia magurudumu yasikunje kupita kiasi. Alinionya kwamba kuanzia siku hiyo nitahitaji uwanja mkubwa zaidi kugeuza. Ni kweli. Hadi leo nikiegesha gari lolote, natafuta nafasi ya kutosha ng'ombe kugeuka. Lakini raba haikuungua tena. Tulikwenda Gwassi mwaka ule wote, na jioni za kurudi tuliunga omena kwa nyanya na vitunguu, tukala na ugali wa mtama na muhogo, Akinyi akisoma kwa sauti vitabu ambavyo mimi sikuvifikia, nami nikimwuliza maswali ili nivifikie kidogo.

Ouma peke yake hakuwa na raha. Alinijia na kusema kwamba kwetu, mkwe akivunja heshima kwa namna ile, hupeleka mbuzi kwa mama mkwe ili mambo yasafishwe. Nilimwambia mbuzi ni juu yangu, kwa kuwa gari ni langu na tairi ni langu. Alikubali upesi kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa bado natafuta mbuzi wakati shule zilipofungwa na Baba Mdogo akatokea.

Alikula kwanza. Alimaliza samaki, akamaliza mboga ya osuga, akanawa mikono, akawatazama watoto mmoja baada ya mwingine. Walikuwa wamevaa vizuri na walikuwa na afya, na niliona kwamba ameona. Kisha akasema, "Habari zimefika Rongo. Wanasema kwa gari ya ndugu yangu, mkwe ameinama mbele ya mama mkwe wake, mchana, watu wa ufuoni wakiangalia. Na msichana wetu ndiye alikuwa anaendesha." Hakupaza sauti. "Nilikuambia nini, Akoth? Hakuna mkubwa hapa wa kusema hapana. Watoto wafunge nguo zao."

Hakuna aliyefunga nguo. Otieno alitoka mbio na kwa mara ya kwanza sikumkataza kukimbia. Alirudi na Mama Dorina, amevaa gauni la kanisani, na nyuma yake mbali kidogo nikasikia hatua za Ouma, ambazo ziliishia nje, ng'ambo ya bati, karibu na kinu. Mama Dorina alikaa kwenye kochi, na kochi likamkubali.

"Mama," Baba Mdogo alianza kwa upole, "samahani kukuuliza. Inasemekana ulikuwa kiti cha mbele siku ile."

"Nani aliniona huko?"

"Watu wa ufuoni."

"Waliona uso wangu?"

"Waliona leso."

"Leso hata gunia linafunikwa nayo. Wingu lilikuwa limeshuka. Omena ikinyeshewa, wewe utainunua?"

Baba Mdogo aligeukia ukuta. "Ouma, uko hapo?"

"Niko, Baba," bati lilijibu.

"Siku ile ulimwona mama mkwe wako ndani ya gari?"

"Mimi niliangalia tairi, Baba. Kiti cha mbele kulikuwa na gunia."

"Gunia la omena linakaa kiti cha mbele?"

Bati lilifikiri. "Lilikuwa kubwa sana. Halingeenea nyuma."

Mama Dorina alikohoa. Akinyi aliinamia sufuria kana kwamba kuna kitu kimeungua chini yake. Baba Mdogo aliinua uso akatazama dari, na kwa kuwa hatukuwa na dari, alitazama misumari. Alikuwa mtu wa mila kuliko sote, na alijua vizuri kwamba heshima ile ni ya Mama Dorina, kwamba mwenye kuvunjiwa ndiye peke yake anayeweza kusema amevunjiwa, na kwamba alikuwa ameketi hapo mbele yake, mpana na mtulivu, akisema hakuwapo. "Kama ni hivyo," alisema mwishowe, sauti ikiwa haijakaa sawa, "basi nimesafiri kwa ajili ya gunia." Aliomba chai. Kesho yake nilimrudisha Rongo kwa pikapu, na kila kona ya kushoto alitega sikio nje ya dirisha. Hakusikia kitu. Watoto walibaki.

Mbuzi nilimpata baada ya Krismasi, jike jeusi lenye doa kifuani. Nilimpeleka kwa Mama Dorina mimi mwenyewe, nimemshika kamba, nimevaa vizuri. Alitoka hadi mlangoni.

"Huyo ni wa nini?"

"Ni wa ile siku, Mama. Kwa niaba ya Ouma. Na kwa ajili ya watoto."

Aliniangalia kama mtu anayeangalia kipimo kisichojaa. "Nyathina, nikimpokea huyu mbuzi, ina maana nilikuwa ndani ya gari. Na kama nilikuwa ndani ya gari, baba yako mdogo anakuja kesho. Rudi naye."

Nilirudi naye. Alizaa, na wanawe wakazaa. Adoyo alipomaliza shule nilimpelekea Mama Dorina mmoja, nikamweleza kwamba sasa hakuna mtoto wa kuchukuliwa. Akasema mtu wa umri wake hawezi kuanza kubadilisha maneno aliyoyasema mbele ya watu. Baba Mdogo alipofariki nilipeleka mwingine, nikaambiwa kwamba kumdanganya mtu akiwa hai ni afadhali kuliko kumfichulia akiwa kaburini. Ouma sasa ana mvi na wajukuu, na bado akimwona mama mkwe wake sokoni hupisha njia. Hunipigia simu kila mwisho wa mwaka kuuliza kama nimemlipia. Anasema hajawahi kuwa huru moyoni, na kwamba deni limesimama kwa jina lake ingawa mbuzi ni wangu.

Desemba iliyopita, baada ya ule ubishi wa mezani, nilipitia kwa Mama Dorina nikitoka Homa Bay. Haoni vizuri tena. Alikuwa ameketi nje juani, leso mapajani, akichambua mchele kwa vidole. Mbuzi alipolia aliinua kichwa.

"Umemleta tena?"

"Nimemleta, Mama. Watoto ni watu wazima. Hakuna atakayekuja kuuliza."

Aliendelea kuchambua mchele. Alitupa punje moja mbaya, akapapasa nyingine. "Wewe ndiye mkubwa wao," alisema. "Wakikaa pamoja mezani bado wanabishana?"

"Wanabishana."

"Vizuri. Basi hawajatawanyika. Rudi naye."

Nilimpandisha mbuzi nyuma ya gari, nikageuza kwa mbali, nikaondoka. Sasa hivi yupo nje ya dirisha hili ninapoandika, amefungwa kwenye nguzo ya banda, anakula majani ya viazi ambayo sikumpa. Nitampeleka tena Pasaka.